Glavu Mbili na Soksi Moja

Mimi ni mtu wa viatu. Miaka kumi na miwili nimeuza viatu vya mitumba Nyamira mjini, na katika miaka hiyo yote sijawahi hata siku moja kumfungia mteja viatu viwili vya mguu mmoja. Wenzangu yamewapata. Jirani yangu wa kibanda alimuuzia karani mmoja wa kaunti viatu viwili vya kushoto, na karani akavirudisha kesho yake huku soko zima likimcheka. Mimi, la. Nikishika kiatu macho yakiwa yamefumbwa, najua ni cha upande gani kabla sijajua ni cha rangi gani. Nasema haya mapema ili ujue ni mtu wa aina gani aliyekosea.

Jumatatu moja binti yangu alirudi kutoka shule akikimbia. Yuko gredi ya nane, na umri huo si wa kukimbilia nyumbani, ni wa kuburuta miguu na kununa. Nilikuwa napanga viatu kwenye gunia. Akasimama mbele yangu, magoti yamejaa vumbi, anahema.

"Mama, mwalimu amesema naweza kuwa mdakaji."

"Mdaka nini?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba shuleni kwao wanacheza besiboli. Mwalimu wao wa michezo, msichana mdogo tu aliyehamia mwaka huo, alikuwa amejifunza mchezo huo chuoni na akaja nao Nyamira, magongo mawili na mipira sita ndani ya gunia la mbolea. Mtoto wangu alinieleza pale pale, kwa kutumia viatu vya wateja. Kiatu hiki ndiye mrushaji. Hiki ndiye mpigaji, ana gongo. Na hiki kilichochuchumaa nyuma ya mpigaji ndiye mdakaji, yule anayedaka kila mpira ambao mpigaji ameukosa. Mdakaji ndiye anayeuona uwanja wote. Mtu akitaka kuiba besi, yaani kukimbia hadi kituo kinachofuata mpira ukiwa bado mkononi mwa mrushaji, ni mdakaji anayesimama ghafla na kuutupa mpira hadi besi ya pili ili amkamate.

Nilimtazama anavyoongea. Huyu mtoto kwa kawaida ni wa maneno matatu kwa siku. Ukimuuliza habari za shule anasema "poa," ukimuuliza tena anasema "sawa." Sasa mate yalikuwa yakimruka. Nikasema moyoni, kumbe kuna mtu humu ndani.

Shida ilikuwa glavu. Mdakaji havai glavu ya kawaida yenye vidole vilivyoachana. Yake ni ya mviringo, nene, imejazwa kama kimto, na shule ilikuwa na moja tu ambayo ilikuwa imepasuka. Jumamosi walikuwa na mechi na shule moja ya Suneka. Mwalimu alikuwa amesema wazi: ukipata glavu kabla ya Jumamosi, wewe ndiye mdakaji. Usipopata, nitampa mwingine, maana siwezi kumwacha mtoto akae mbele ya mpira mgumu hivyo na mkono mtupu.

"Niandikie," nikamwambia, "au uichore, ili nijue natafuta nini."

Akaenda ndani na daftari. Alirudi na karatasi ambayo nimeitunza hadi leo. Alikuwa ameweka kiganja chake mwenyewe juu ya karatasi, akapitisha penseli kukizunguka, kila kidole, halafu nje yake akachora glavu. Alinipa kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa.

Sasa, sisi watu wa mitumba tuna maneno yetu. Beli, lile furushi kubwa la mitumba, likifunguliwa, anayefika kwanza anachagua kamera, yaani mali safi ya juu. Anayechelewa anabaki na fagia, mabaki ya kufagiwa. Mimi si mtu wa fagia. Jumanne nilipanda gari la kwanza kwenda Kisii, na kabla ya saa moja nilikuwa nimesimama mbele ya jamaa mmoja wa makamo anayeuza mabegi, mipira, na vitu vya michezo visivyojulikana ni vya nini. Huniita Mama Viatu.

"Mama Viatu, leo umepotea njia," akasema.

Nikamwonyesha karatasi. Akaigeuza huku na huku, akacheka.

"Hizi ninazo mbili. Sikujua ni za mchezo. Nimekuwa nikiwaambia watu ni za kushikia sufuria moto."

Akachimba, akazitoa. Wueh. Nimeshika ngozi maisha yangu yote ya kazi lakini za namna hii sikuwa nimeziona. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, inang'aa, karibu mpya. Ya pili ilikuwa ya kahawia, kongwe, imelainika, kubwa kidogo. Nikazifanyia vile ninavyofanya viatu. Nikainusa kila moja, maana ngozi iliyokaa kwenye unyevu haifichi harufu. Nikaifinya nione kama inarudi. Nikavuta kamba zake za ngozi moja moja. Nikapiga ngumi katikati ya ile nyeusi, ikaitikia kwa mlio mzito uliowafanya watu wawili wageuke. Nikapiga tena kwa raha tu.

Halafu nikaingiza mkono. Nyeusi iliingia mkono wa kushoto. Kahawia iliingia wa kulia. Hapo nikajua nina kazi, kwa sababu hii ndiyo kazi yangu, upande. Yule jamaa akanitolea simu yake akatafuta, tukaona picha: mtu huvaa glavu kwenye mkono mmoja, na ule anaotupia unabaki wazi. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu. Binti yangu anatupa kwa mkono gani?

Swali gani hilo. Anaandika kwa kulia, anakula kwa kulia, anasalimia kwa kulia. Basi anatupa kwa kulia, na glavu inakaa kushoto. Nikatoa karatasi kupima ukubwa. Kidole gumba cha ule mchoro kilikuwa upande wa kushoto wa karatasi. Nilipoweka kiganja changu cha kushoto juu yake, kikiwa kimeangalia juu, kilikaa sawasawa. Unaona, nikajiambia, ni kushoto.

"Na hii nyingine?" nikauliza, nikiirusha ile ya kahawia kwenye rundo.

"Hiyo ni ya wale wa mkono wa kushoto," akasema. "Hiyo nitakaa nayo hadi nizeeke."

"Nani atalea mtoto wa kutumia mkono huo huku kwetu," nikasema, na sote wawili tukacheka. Nakumbuka kicheko changu vizuri. Ningekuwa na uwezo ningekirudisha.

Jioni nilimkabidhi. Nilikuwa nimeifunga kwenye gazeti kusudi nimwone akifungua. Akafungua. Uso ukachanua, akaikumbatia kifuani, akainusa kama mimi. Halafu akaigeuza, akaingiza mkono wa kushoto polepole. Akatulia.

"Haikutoshi?"

"Inanitosha, mama. Asante."

"Basi cheka."

Akacheka kidogo. Nikafikiri ni aibu ya furaha. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake akichambua mboga za managu, maana tunaishi boma moja na mume wangu yuko Nakuru kikazi hadi mwisho wa mwezi. Akamwita mjukuu wake aende amwonyeshe. Akaishika ile glavu akaniuliza kama ni kofia. Tulicheka sana, na mimi nililala nikijiona mama bora katika kaunti nzima.

Jumatano nilifunga kibanda mapema nikaenda kumwona akifanya mazoezi. Sikualikwa. Nilitaka tu kuona glavu yangu.

Kwanza mambo yalikuwa mazuri mno. Alichuchumaa nyuma ya mpigaji, mwalimu akarusha, na mpira ukaingia kwenye ile ngozi nyeusi kwa mlio ule ule niliousikia Kisii. Mara ya pili, ya tatu. Nikasogea hadi nikashika seng'enge ya uwanja. Kisha mwalimu akapiga kelele, "Besi ya pili," na mtoto wangu akasimama atupe.

Mpira ulifika nusu ya njia, ukaanguka, ukabingirika kama ndimu. Akajaribu tena. Ukaanguka kabla hata ya hapo. Wenzake wakacheka, na yeye akaangalia chini. Nilipandwa na hasira, na nikiwa na hasira miguu yangu haiulizi ruhusa. Nikaingia uwanjani.

"Wewe ulikula nini leo? Tupa mpira."

Mwalimu akaja mbio, akanisalimia kwa adabu kwa mikono miwili, akatazama glavu, akanitazama mimi.

"Mama, hii ni ya kuvaa mkono wa kushoto. Nilimwambia akueleze. Huyu anatupa kwa mkono wa kushoto, anahitaji ya kuvaa kulia. Ile ya shule alikuwa anaivaa kinyume, kidole gumba kimebanwa kwenye nafasi ya kidole cha mwisho. Ndiyo maana ilipasuka."

"Huyu wangu hatumii kushoto," nikasema.

Mwalimu hakubishana nami. Alimvua glavu, akaweka mpira katika mkono wa kushoto wa mtoto wangu, akamwambia, "Tupa." Mtoto akaniangalia mimi kwanza. Aliniangalia vile mtu anavyomwangalia polisi. Nikaitikia kwa kichwa kwamba sawa, tupa. Mkono ule ulizunguka nyuma ya sikio na mpira ukaondoka. Haukupanda juu, haukuanguka, ulinyooka tu hadi besi ya pili, na msichana aliyekuwa pale aliudaka akarudi hatua moja nyuma.

Mimi, mtu wa viatu, nilikuwa nimenunua ya upande usiofaa.

Tulitembea kurudi nyumbani hadi karibu na kanisa. Hasira yangu ilikuwa bado haijajua iende wapi, basi ikaenda kwake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilichora," akasema.

Nikatoa karatasi kwenye mkoba. Nikaitazama barabarani, watu wakinipita. Kidole gumba upande wa kushoto, ndiyo, hilo nililiona. Ila sikuwa nimeona kwamba alikuwa amechora kucha. Kucha tano, ndogo, nadhifu, moja kwenye kila kidole. Mkono ulikuwa umelalia karatasi, mgongo juu, na mkono unaolala hivyo na kidole gumba kushoto ni wa kulia. Na ikiwa ulikuwa wa kulia uliowekwa kwenye karatasi, basi penseli ilikuwa mkono mwingine. Mstari wenyewe ulikuwa umenyooka, hautetemeki popote. Si mstari wa mkono unaojaribu.

"Si ungesema tu kwa mdomo."

"Ungeniambia nitumie huu mwingine," akasema. "Na magokoro angesikia."

Magokoro ni bibi yake, yule mama mkwe. Na hapa lazima nieleze jambo, hata kama linaniuma. Kwetu mkono wa kushoto si wa watu. Haumpi mkubwa kitu, hausalimii, haugusi chakula. Mtoto huyu alipokuwa wa miaka mitatu hivi alianza kuchukua kila kitu kwa kushoto, kijiko, ugali, mkono wa mgeni. Mama mkwe akasema samaki mkunje angali mbichi. Lakini si yeye aliyemkunja. Mimi ndiye niliyechukua soksi, nikaivalisha mkono wake wa kushoto hadi kwenye kiwiko, nikaifunga kwa mpira wa kiunoni mwa sketi, kila wakati wa kula. Alikuwa akiutikisa ule mkono na soksi yake mezani, na sisi tukicheka. Baada ya miezi kadhaa hakuutumia tena. Nilijisifu kwa wenzangu sokoni, nikawafundisha namna ya kufunga.

Kumbe mkono haukuwa umekwenda popote. Aliupeleka nyuma ya nyumba. Ndio uliofukuza ndege kwenye shamba la wimbi kwa mawe. Ndio ulioangusha avokado za juu kabisa, zile ambazo hata mti mrefu haufiki. Nimekula avokado za mkono huo miaka mingi na sijawahi kuuliza zilishukaje.

Nilisikia aibu hadi masikioni. Nikamwambia, "Pole, mami." Hajazoea kusikia neno hilo kutoka kwangu, na mimi sijazoea kulisema. Akasema, "Sawa." Neno moja, kama kawaida yake. Lakini akashika mkoba wangu upande wa pili tukaubeba wote wawili.

Alhamisi sikufungua kibanda. Gari la kwanza tena, Kisii tena, glavu nyeusi kwenye mfuko. Yule jamaa aliponiona akaanza kucheka kabla sijafika.

"Ile ya kahawia iko wapi?"

"Mama Viatu, hiyo nimeiuza jana. Kuna fundi wa viatu kule chini, aliitaka kwa ajili ya viraka."

Viraka. Sikumuaga. Nilishuka ule mteremko wa soko nikipita katikati ya vikapu vya ndizi, nikikanyaga vitambaa vya watu, huku wakinitukana na mimi nikiwaambia pole bila kugeuka. Fundi huyo namjua, mzee mmoja mpole kutoka upande wa ziwa, amekaa Kisii miaka mingi kiasi kwamba anatania kwa Ekegusii, lugha yetu, kuliko mimi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Kwenye paja lake palikuwa na ile ngozi ya kahawia, imefunguliwa kama samaki aliyepasuliwa, kamba zote zimetolewa na kuwekwa kando. Chaki ilikuwa imeshachora kiraka cha kwanza, na kisu kilikuwa mkononi.

"Fundi, weka kisu chini."

Aliweka, nadhani kwa hofu. Nikaketi chini kwenye vumbi na sketi yangu ya kanisani na kumweleza yote, mechi, mkono, soksi, hata avokado. Alisikiliza bila kunikata. Mwisho akafuta chaki kwa kidole alichokilowesha mate.

"Mama, ngozi ni nzima. Shida ni kamba. Nilizitoa bila kuangalia zilipitaje. Haya matundu ni mengi, na mimi kitu hiki sijawahi kukishona."

Nikatoa ile nyeusi kwenye mfuko nikaiweka mbele yake.

"Hii ni ya kushoto, hiyo ni ya kulia. Ni jozi, fundi. Wewe na mimi tunajua jozi."

Akatabasamu. Jino moja halikuwepo. Tukafanya kazi hiyo hadi saa nane mchana. Mimi nilishika nyeusi nikisoma njia ya kamba: hapa inaingia kutoka nje, inapita matundu mawili, inarudi chini. Yeye akaipitisha kwenye kahawia upande wa pili, kila kitu kikigeuzwa, kama unavyonakili kiatu cha kulia kutoka kwa cha kushoto. Tulikosea mara mbili tukafungua. Watu walisimama kututazama. Mmoja akauliza kama tunatengeneza ngoma. Fundi alipovuta fundo la mwisho kwa meno, akaingiza mkono wake wa kulia, akanyoosha, na mimi nikapiga ngumi katikati. Mlio ulikuwa wa chini kuliko wa ile nyeusi, mlio wa kitu kinachojua kazi yake. Nilitaka kumkumbatia mzee wa watu. Nikampa mkono badala yake, nikamlipa ngozi yake na kazi, na chai na mandazi juu.

Jumamosi tukaenda Suneka. Mama mkwe akasema naye anakuja, anataka kuona ni mchezo gani unaonifanya nifunge kibanda mara mbili kwa wiki moja. Sikuwa nimemwambia habari ya mkono. Nilimtandikia leso kwenye nyasi, nikakaa karibu naye. Nyeusi tuliipa shule, ikae kwenye gunia la mbolea kumngoja mdakaji mwingine. Kahawia ilikuwa mkononi mwa binti yangu.

Mchezo ukaanza vibaya. Ile glavu ilikuwa ya mtu mzima. Kwenye mazoezi ya Ijumaa ilionekana sawa, lakini sasa mkono wake ulikuwa umeloa jasho, na glavu ikawa inateleza. Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili uligonga ukingo wa ngozi ukatoka, na wale wa Suneka wakakimbia mbele kwa kelele. Alipokosa wa tatu, nikamwona mwalimu akimwita msichana mwingine, akimwambia aanze kupasha mwili na avae ile nyeusi. Binti yangu alimwona pia. Alikuwa anavuta ile glavu juu kwa meno.

Nilikuwa nimevaa raba na soksi. Sijui nilifikiri nini, nadhani sikufikiri. Nilivua raba moja, nikavua soksi, nikaingia uwanjani mguu mmoja mtupu huku refa akinipigia filimbi. Nikapiga magoti mbele ya mtoto wangu.

"Toa mkono."

Akavua glavu. Nikanyoosha soksi. Naye akaitazama ile soksi, halafu akanitazama mimi, na nikajua anakumbuka. Nilikuwa nimefikiri miaka yote kwamba alikuwa mdogo mno kukumbuka. Kwa mazoea, bila hata kujijua, aliniletea mkono wa kushoto.

"Si huo," nikasema. "Huo uache. Nipe wa kulia."

Nikamvalisha wa kulia, hadi kwenye kiwiko, nikaukunja ule ukingo vizuri. Glavu ikaingia juu yake na kubana. Alipiga ngumi ndani mara moja, ikakaa. Refa alikuwa juu ya kichwa changu sasa. Nikamwambia namuomba msamaha, mimi ni mtu wa viatu. Nikarudi kwenye nyasi nikirukaruka kwa mguu mmoja.

Kuanzia hapo hakukosa. Sitakudanganya kwamba naelewa hesabu za mchezo huo, lakini nilijua tulivyofika mwisho kwa sababu watu wote walisimama. Tulikuwa mbele kwa moja. Suneka walibakiwa na nafasi moja tu, na mtu wao kwenye besi ya kwanza alikuwa ndiye mwenye mbio kuliko wote, mvulana mwenye miguu mirefu ambaye alikuwa ameshaiba besi mara mbili siku hiyo. Niliona anavyochezesha vidole. Binti yangu naye alimwona, kwa sababu mdakaji ndiye anayeuona uwanja wote.

Mrushaji akarusha. Mvulana akachomoka. Mpira ukaingia kwenye ngozi ya kahawia, na mtoto wangu akawa ameshasimama, mkono wa kushoto uko nyuma ya sikio, na mbele ya magokoro wake, na hata kanisa lake lote lingekuwepo ingekuwa vivyo hivyo, akatupa. Ulipita juu ya kichwa cha mrushaji ukiwa umenyooka kama ule mstari wa penseli. Kule mbali glavu ilifunga, mguu wa mvulana ulikuwa bado hewani, na mkono wa refa ukapanda juu. Nje. Tumeshinda.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka nilikuwa nimemshika mama mkwe bega na kumtikisa, jambo ambalo mkaza mwana hafanyi. Alikuwa anatazama uwanjani watoto walipokuwa wakimrukia mjukuu wake.

"Ametupa kwa mkono gani?" akauliza.

"Wa kushoto, mama."

Akawaza. Akanyoosha leso magotini.

"Mpira umefika," akasema. "Lakini ugali atakula kwa kulia."

Binti yangu akatutokea akikimbia, uso mwekundu kwa vumbi. Alivua glavu akaibana kwapani upande wa kulia, akavuta ile soksi ikatoka imeloa kabisa. Mkono wake wa kulia sasa ulikuwa umeshikilia glavu. Akanirudishia soksi yangu kwa ule mwingine, mbele ya bibi yake, akanyoosha mkono wa kushoto wote hadi kwangu, na alipogundua alichofanya akaanza kuurudisha.

Nikaupokea kabla haujarudi, kwa mikono yangu miwili.